Jua Haki Zako: Muda wa Kazi Ukiisha, Mzazi Haombi Fadhila

Malalamiko kuhusu saa za kazi na malezi huja kutoka pande mbili. Wazazi husema wananyimwa vyeo au kupangiwa zamu mbaya kwa sababu hawabaki kazini hadi usiku. Wasio na watoto nao husema wao ndio wanaobebeshwa sikukuu, Jumapili na kazi za jioni, eti kwa kuwa wenzao wana familia. Ukiisoma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, utaona kwamba wote wanaweza kuwa na hoja. Tena mara nyingi wanagombania saa ambazo mwajiri hakuwa na haki ya kumdai yeyote kati yao.

Kifungu cha 19 kinaweka ukomo wa saa za kawaida: siku 6 kwa wiki, saa 45 kwa wiki na saa 9 kwa siku. Kinachozidi hapo ni muda wa ziada, na muda wa ziada hauruhusiwi bila makubaliano na mfanyakazi. Hata yakiwapo makubaliano, saa za ziada zisizidi 50 katika wiki 4, kazi ya siku isivuke saa 12, na malipo yasipungue mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Isipokuwa wachache, hasa wasimamizi wanaoripoti moja kwa moja kwa viongozi wa juu, ulinzi huu ni wa kila mfanyakazi. Basi mama anayeondoka saa zake zikitimia ili awahi kumchukua mtoto shuleni hajapewa upendeleo wowote. Ametimiza mkataba wake. Kijana asiye na mtoto aliyekaa meza ya pili ana haki hiyohiyo ya kuondoka, na akibakizwa bila makubaliano wala malipo, aliyemkosea ni mwajiri. Mama yule hana kosa. Tatizo kubwa huanza pale kukaa hadi usiku bila malipo kunapogeuzwa kuwa kipimo cha bidii, kisha kipimo hicho kikaingizwa kwenye tathmini ya mwaka.

Hapo ndipo kifungu cha 7 kinapohusika. Kinakataza ubaguzi wa moja kwa moja na usio wa moja kwa moja, na miongoni mwa misingi iliyotajwa ni jinsia, ujauzito, hali ya ndoa na majukumu ya kifamilia. Katazo hilo linagusa sera na desturi zote za ajira: kuajiri, kugawa kazi, kutathmini, kupandisha cheo, kuhamisha na kuachisha kazi. Mwombaji wa kazi naye analindwa, kwa hiyo mwajiri anayemkwepa mwanamke kwenye usaili kwa kuhofia likizo ya uzazi anavunja sheria hata kabla ya mkataba kusainiwa. Waajiri wengi hujitetea kwamba kanuni yao ni moja kwa wote. Utetezi huo hautoshi. Ofisi ikiweka mikutano yote muhimu saa 12 jioni, kisha ikawapandisha vyeo wanaohudhuria tu, haijamtaja mzazi popote, lakini matokeo yake yanamwangukia yeye. Hilo ndilo linaloitwa ubaguzi usio wa moja kwa moja. Mfanyakazi akionyesha msingi wa madai yake, ni juu ya mwajiri kuthibitisha kwamba ubaguzi haukutokea.

Hata hivyo sheria hii haimpi mzazi haki ya kujichagulia zamu, na anayeambiwa vinginevyo anadanganywa. Hospitali haifungwi usiku, na lindo haliachwi. Kutofautisha watu kwa hitaji la msingi la kazi yenyewe hakuhesabiwi kuwa ubaguzi. Muuguzi aliyeajiriwa kwa zamu hawezi kukataa usiku milele kwa sababu tu ana mtoto mdogo. Palipohitajika tofauti, sheria imeitamka yenyewe: mjamzito asipangiwe kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi katika miezi 2 kabla ya tarehe anayotarajia kujifungua, wala mama katika miezi 2 baada ya kujifungua, na cheti cha daktari kinaweza kurefusha ulinzi huo. Anayenyonyesha anaruhusiwa hadi saa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi. Mwenzake anayeona uchungu kwa saa hizo mbili akumbuke kwamba zinahusu afya ya mtoto mchanga.

Baba naye asisahauliwe. Maneno "majukumu ya kifamilia" hayachagui jinsia, na mwanamume anayechekwa na meneja kwa kuomba kumpeleka mwanawe kliniki anaweza kukitegemea kifungu kilekile. Ana haki ya angalau siku 3 za likizo yenye malipo akizichukua ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe, na kila mfanyakazi ana angalau siku 4 katika mzunguko wa miezi 36 kwa ajili ya mtoto kuugua au msiba wa karibu. Ni siku chache mno kwa mwenye watoto watatu, na nadhani Bunge linapaswa kuziongeza. Na yule asiye na mwenzi anayepangiwa kila Krismasi au kila Idi? Hali ya ndoa imetajwa kwenye orodha ileile. Kumbebesha mtu zamu za sikukuu mwaka baada ya mwaka kwa sababu hajaoa au hajaolewa ni jambo linaloweza kulalamikiwa.

Unayetaka saa tofauti, omba kwa maandishi. Kifungu cha 21 kinaruhusu mkataba wa maandishi wa kufanya kazi hadi saa 12 kwa siku, mapumziko ya chakula yakiwemo, kwa siku zisizozidi 5, ili wiki yako iwe fupi. Mzazi mwenye msaidizi siku fulani tu hufaidika nao. Saa za kazi ni sehemu ya maelezo ya ajira ambayo mwajiri anatakiwa kukupa kwa maandishi, na zikibadilika lazima ashauriane nawe. Akishindwa kuonyesha maandishi hayo mbele ya vyombo vya sheria, mzigo wa kuthibitisha masharti ni wake. Hifadhi nakala za ratiba za zamu, ujumbe wa simu na fomu za tathmini. Mazungumzo yakishindikana, peleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60, au siku 30 ikiwa umeachishwa kazi; ukichelewa, utatakiwa kwanza kutoa sababu za msingi za kuchelewa kabla lalamiko lako halijasikilizwa.