Kujiandaa Kuhubiri: Zaburi ya 121

Leo tujifunze Zaburi ya 121, kama impasavyo mtu ajiandaaye kuhubiri.

Zaburi hii ni moja katika zile 15, tangu ya 120 hata ya 134, ziitwazo nyimbo za kupandia. Ina mistari minane tu, lakini kosa moja katika mstari wa kwanza laweza kuharibu hubiri zima.

Kosa hilo nililitenda mimi. Mwaka mmoja wa ukame nilisimama mbele ya Wakristo wauonao Kibo kila siku, nikahubiri ya kuwa msaada wetu washuka mlimani kama maji ya mifongo. Baada ya ibada mzee mmoja akanijia, akaniuliza kwa upole, "Mchungaji, baba zetu waliomba wakielekea Kibo, nasi tukaambiwa tuache. Je, sasa turudi?" Sikuwa na jibu. Nikaenda nyumbani, nikafungua Kiebrania.

Kwanza, liangalie neno me'ayin. Maana yake ni "kutoka wapi?" Basi mwimbaji hasemi ya kuwa msaada watoka milimani, anauliza, na mstari wa pili wamjibu ya kuwa watoka kwa Muumba. Hata Martin Luther, katika tafsiri yake ya Kijerumani, aliuandika mstari huo kana kwamba msaada watoka milimani; matoleo ya baadaye yameweka swali. Biblia yetu ya Kiswahili ya mwaka 1952 nayo ina alama ya kuuliza. Mimi niliipita bila kuiona.

Pili, lihesabu neno shamar, yaani kulinda. Milima yatajwa mara moja tu, bali kulinda kwatajwa mara sita, tangu mstari wa 3 hata wa 8. Neno lirudiwalo hivyo ndilo moyo wa hubiri.

Tatu, mstari wa 6 wasema ya kuwa jua halitamdhuru alindwaye. Ahubiriye kwa Kichagga akumbuke ya kuwa jina Ruwa, tumwitalo Mungu, latumika pia kwa jua. Afafanue wazi, asije msikiaji akachanganya Muumba na kiumbe.

Nao mlima wenyewe watufundisha. Tangu mwaka 1912 barafu ya Kibo imepungua kwa zaidi ya asilimia 80. Kile tulichodhani hakibadiliki chabadilika mbele ya macho yetu; Mlinzi wetu habadiliki wala hasinzii.

Jumapili iliyofuata nilikiri kosa langu mbele ya usharika, nikaihubiri Zaburi ile ile upya. Yule mzee akanishika mkono, asiseme neno. Ndugu zangu, tusione haya kusahihishwa na Neno, wala na wazee walisikilizao. Kabla hujapanda mimbarani, jiulize: Je, mstari huu wasema, au wauliza? Na jibu lake liko wapi?