SOMO LA TANO: KASI YA KOMPYUTA HAIPIMWI KWA TARAKIMU MOJA



Katibu wa chama cha msingi cha ushirika wa kahawa anaposhuka kutoka miteremko ya Mlima Meru kuja mjini Arusha kununua kompyuta, fedha aliyoibeba si yake, ni ya wanachama. Dukani huoneshwa kompyuta mbili na kuambiwa kuwa yenye gigahezi nyingi ndiyo yenye kasi. Somo hili linaeleza kwa nini kauli hiyo haitoshi.

Funzo la zamani

Mwaka 1977 kampuni ya Digital ya Marekani ilitoa minikompyuta iitwayo VAX-11/780, iliyotumiwa na watu wengi kwa wakati mmoja. Prosesa yake ilikuwa na mapigo ya megahezi 5, yaani milioni 5 kwa sekunde. Mwaka 1983 kampuni ya Sun ilitoa Sun-2, kompyuta ya kazi ya mtu mmoja, yenye maikroprosesa ya Motorola 68010 na mapigo ya megahezi 10.

Aliyetazama mapigo pekee angeamini kuwa Sun-2 ina kasi maradufu. Haikuwa hivyo. Pigo ni mfano wa hatua ya mpagazi apandaye Meru kutoka lango la Momela: mwenye hatua nyingi hafiki kwanza ikiwa hatua zake ni fupi, wala hafanyi kazi kubwa zaidi ikiwa mzigo wake ni mwepesi. Kila amri huhitaji mapigo kadhaa, na amri moja ya VAX iliweza kufanya kazi iliyohitaji amri kadhaa kwingine. Aidha, VAX ilikuwa na amri zake za kukokotoa namba zenye nukta inayoelea. 68010 haikuwa nazo.

Hata VAX yenyewe ilisifiwa kuwa hutekeleza amri milioni 1 kwa sekunde. Sifa hiyo ilitokana na kulinganishwa na mashine ya IBM. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 1984 vilionesha kuwa kila amri ilichukua wastani wa mapigo zaidi ya 10. Hivyo amri zake hazikufika 500,000 kwa sekunde.

Kwa sababu hiyo, mwaka 1988 liliundwa shirika la SPEC, ambalo hupima muda ambao kompyuta hutumia kumaliza programu halisi.

Mambo ya kuzingatia kabla ya kulipa

1. Ainisha kazi yako: hesabu za wanachama, uchapaji au picha za video.
2. Beba faili lako halisi, lifungue katika kila kompyuta, na upime muda kwa saa.
3. Usilinganishe gigahezi za prosesa za aina au miaka tofauti. Uliza pia kuhusu kumbukumbu na aina ya diski.
4. Sifa alizotaja muuzaji ziandikwe kwenye risiti. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Ukiuziwa kompyuta isiyolingana na maelezo uliyopewa, hifadhi risiti na uwasilishe malalamiko Tume ya Ushindani.

Zoezi

Kompyuta A ina gigahezi 3 na humaliza hesabu zako kwa sekunde 40. Kompyuta B ina gigahezi 2 na humaliza hesabu hizohizo kwa sekunde 25. Kwa kazi yako, ipi ina kasi zaidi? Eleza sababu.