Mafunzo Niliyopata kwa Majani Makavu ya Fizi

1. Majani makavu ni mali

Tuliporudi Baraka, huku Fizi mashariki mwa Kongo, kwa meli kutoka Kigoma mwaka 2005, baada ya miaka mingi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, shamba la baba lilikuwa pori tupu. Vita vya 1996 vilitukimbiza tukiliacha limechoka, udongo mwekundu, mihogo myembamba. Nilifyeka kipande, nikapiga jembe, likazama lote. Nilishangaa. Juu kulikuwa na tabaka nene la majani. Chini yake udongo mweusi uliojaa nyuzi nyeupe za kuvu. Mbolea hakutia mtu. Wewe unayepanga kulima hekta nyingi, anza kwa kufukua na kutazama chini ya miti.

2. Mti hautupi ovyo

Kabla jani halijaanguka, mti huvuta karibu nusu ya nitrojeni na fosforasi iliyomo, uitunze kwa ajili ya majani mapya. Kalsiamu hubaki ndani ya jani. Kisha mchwa, minyoo na kuvu hulimaliza. Mialoni ya Ulaya hufanya vilevile, ila baridi ya kule huchelewesha uozaji. Miombo yetu inafanana na mialoni kwa jambo jingine: mizizi yake imeshikana na kuvu wanaoitafutia chakula udongoni, na uyoga mwingi ambao mama zetu huokota mvua zikianza ni zao la kuvu hao. Ukikata miombo yote kwa ajili ya makaa, na uyoga huo umekwenda.

3. Moto huja wakati mbaya kuliko wote

Majani hupukutika kiangazi, na kiangazi ndipo tunapochoma mashamba. Nitrojeni hupaa na moshi. Majivu yana potasiamu na kalsiamu, kwa hiyo msimu wa kwanza mihogo hustawi na mtu hujipongeza. Halafu mvua za mlimani huyasomba hadi Ziwa Tanganyika. Nenda katazame mto Mutambala baada ya mvua kubwa, uone rangi ya maji.

4. Sikiliza wanaokupinga

Sasa badala ya kuchoma natandaza majani kati ya matuta ya mihogo, na miti michache naiacha imesimama shambani. Mama jirani aliniambia, “Mzee, unafuga nyoka.” Ana haki ya kuogopa, maana ana wajukuu wadogo. Kwa hiyo kuzunguka nyumba tunafagia kila asubuhi, na yote tunayofagia yanakwenda kwenye matuta.