Injini Kubwa na Hesabu ya Wawili



Wapenzi wasomaji, katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya karo, wakwe, ulevi na malezi ya watoto. Leo tutazungumza juu ya injini ya gari. Tafadhali msicheke. Nimeiona nyumba moja ya Kikristo ikitikisika kwa sababu ya injini, na nimejifunza mengi kwa hao wawili. Wamenipa ruhusa ya kusimulia habari zao, mradi nisitaje majina.

KISA CHENYEWE

Mke anauza viungo nje ya lile soko la zamani la Mackinnon, ambalo sisi sote wa Mombasa tunaliita Marikiti. Bizari, iliki, karafuu, mdalasini na pilipili manga ndizo zilizowalea watoto wake. Mumewe alikuwa karani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Mnakumbuka yaliyotokea baada ya reli mpya kuanza kubeba makontena mwaka 2018. Mizigo mingi ilipelekwa moja kwa moja Nairobi ikatolewa huko, na watu wengi wa Mombasa wakabaki bila kazi. Yeye alikuwa mmoja wao. Kwa zaidi ya miaka mitatu, kibanda cha mke ndicho kilicholipa kodi ya nyumba na karo. Mwaka 2022 serikali iliporudisha utoaji wa mizigo hapa Mombasa, alipata kazi tena, ingawa kwa mshahara mdogo kuliko ule wa zamani.

Kitu kimoja hakukiuza katika miaka ile ya shida, nacho ni gari lake, Subaru Impreza yenye injini ya lita 1.5. Mwaka jana injini hiyo ilianza kula oili na kutoa moshi wa buluu. Fundi akamwonyesha njia tatu. Ya kwanza, kuifungua na kuitengeneza upya. Ya pili, kununua injini ya namna ile ile iliyotumika Japani. Ya tatu, kuweka ya lita 2.0 yenye turbo, pamoja na giaboksi yake, kwa Sh 280,000.

Bwana akachagua ya tatu. Akatoa Sh 60,000 za kutangulia bila kumwambia mkewe. Mama alizipata habari kibandani. Kijana wa gereji alikuja kununua iliki, akamwambia, "Hongera mama, mzee sasa atapaa!" Jioni ile mama aliuliza swali moja tu, akajibiwa, "Pesa ni zangu." Wakakaa siku tisa bila kusemezana, ila kwa kupitia watoto.

KOSA LANGU

Walikuja kwangu, mimi katekista wao, baada ya sala ya Jumuiya Ndogo Ndogo. Nami nilifanya kosa ambalo wengi wetu tunaosaidia wanandoa hulifanya. Nilijibu kabla ya kuuliza. Nilifungua Injili ya Luka 14:28-30, habari za yule anayetaka kujenga mnara akaanza kabla ya kuketi na kuhesabu, nikamhubiria bwana yule kwa muda wa nusu saa. Akasema, "Sawa, mwalimu," akaondoka. Kwa wiki tatu hakuonekana tena katika jumuiya.

Andiko halikuwa na kosa, bali mimi nililitumia kama fimbo. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika wosia wake wa kitume Furaha ya Upendo wa mwaka 2016, alitumia aya ya 136 hadi 141 kuwaeleza wanandoa jinsi ya kuzungumza. Anatufundisha kumsikiliza mwenzetu kwa subira mpaka aseme yote aliyo nayo moyoni, na kutambua kwamba mara nyingi mtu hahitaji jibu bali kusikilizwa. Nilikwenda nyumbani kwao kuomba msamaha. Safari hii nilimwuliza kila mmoja swali moja: "Ni nini kilichoko nyuma ya neno hili injini?"

Baba alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema kwamba alipokuwa mtoto, miaka ya 1980, marehemu babake alikuwa akimpeleka kando ya barabara, kwenye vumbi, kuyaona magari ya Safari yakipita. "Ile miaka niliyokaa bila kazi," akasema, "nilikuwa abiria katika nyumba yangu mwenyewe. Mke ndiye aliyeshika usukani. Nilitaka kitu kimoja ambacho nikikikanyaga, kinanitii."

Mama naye akasema, "Baba watoto, mimi sikukasirikia pesa. Kaka yangu alifia barabara ya Nairobi, mwaka wetu wa kwanza wa ndoa. Ukichelewa usiku mimi hulala na simu mkononi. Nilipomsikia yule kijana akisema utapaa, niliona jeneza."

Walikuwa wameoana miaka kumi na tisa, na hakuna kati yao aliyekuwa amelisikia neno la mwenzake. Hebu fikiri, ndugu msomaji. Walikuwa wakigombana juu ya chuma, kumbe mmoja alikuwa akidai heshima na mwingine akiomba asiachwe mjane.

INJINI NI NINI HASA?

Baada ya kusikilizana ndipo akili huweza kufanya kazi. Tulimwita fundi aje atueleze, mama naye akiwepo, kwa maana uamuzi wa wawili wahitaji elimu ya wawili. Haya ndiyo tuliyojifunza.

Turbo ni feni inayozungushwa na moshi wa injini wenyewe. Feni hiyo husukuma hewa nyingi zaidi ndani ya injini, petroli nyingi zaidi ikaungua, na nguvu ikaongezeka. Injini ya bwana yule ilikuwa na nguvu za farasi kama 100, na ile aliyoitamani ilikuwa na kama 250. Lakini penye moto mwingi pana joto jingi. Injini hiyo huhitaji rejeta nzuri, oili ya kubadilishwa mapema, na petroli ya daraja la juu. Joto la Mombasa, na foleni ya kungoja kivuko cha Likoni, haviisaidii.

Tena sisi wa pwani tumekwisha kupewa nyongeza bila malipo. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Injini ya kawaida huko hupata hewa pungufu kwa karibu sehemu moja ya sita. Gari lile lile likishuka Mombasa lina nguvu zaidi kuliko lilivyokuwa Nairobi.

Jambo kubwa zaidi ni breki. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ambayo breki hulazimika kuizuia huongezeka mara nne. Kwa kilomita 50 kwa saa, gari hupita mita 14 kwa kila sekunde moja. Kwa kilomita 100 hupita mita 28, nawe hujagusa breki bado. Kwa hiyo anayeongeza injini bila kuongeza breki, tairi na shoka, amemfanya mtoto avae viatu vya baba na kumwambia akimbie.

Mwisho ni sheria. Namba ya injini imeandikwa katika logibuku. Ukibadilisha injini, ni lazima gari likaguliwe na mabadiliko yaandikishwe kwa NTSA. Kampuni ya bima nayo ielezwe. Ukiificha, siku ya ajali waweza kukataliwa malipo, na mjane na yatima ndio watakaolipa siri yako.

HESABU YA MEZANI

Waliketi wawili na daftari la kibanda. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Injini na giaboksi Sh 280,000. Breki kubwa Sh 70,000. Tairi nne Sh 60,000. Rejeta na mabomba Sh 35,000. Jumla ikawa Sh 445,000, kabla ya bima na petroli. Akiba yao katika chama cha akiba na mikopo ilikuwa Sh 310,000, na waliiweka kwa ajili ya binti yao anayetaka kusomea uuguzi. Injini ya namna ile ile ya zamani, pamoja na kazi ya fundi, ilikuwa Sh 110,000.

Baba mwenyewe ndiye aliyeweka kalamu chini. Hakuna aliyemhubiria.

MAMBO MANNE YA KUSHIKA

Ndugu wanandoa, simaanishi kwamba injini kubwa ni dhambi. La hasha. Mungu ndiye aliyempa mwanadamu akili ya kuunda mashine, na kufurahia kazi njema ya mikono si kosa. Ikiwa akiba ipo, breki zinalingana, sheria imefuatwa na wote wawili wameridhika, basi waiweke na Mungu awabariki. Lakini shikeni haya:

1. Semeni haja kabla ya kutaja kitu. Ukisema "nataka injini", mwenzako hujibu juu ya injini. Ukisema "najiona si kitu", atakujibu juu yako. Vivyo hivyo, anayekataa aseme hofu yake, asijifiche nyuma ya neno "hatuna pesa".

2. Hesabuni kitu na jamaa zake. Injini huja na breki, breki huja na tairi. Friji huja na umeme, na shamba huja na mbegu na vibarua. Bei anayoitaja fundi ni ya mlangoni tu.

3. Pimeni mahali mnapoishi. Pale Marikiti mwendo huamuliwa na mkokoteni wa viazi ulio mbele yako, na mjini sheria ni kilomita 50 kwa saa. Kabla ya kununua nguvu, jiulizeni mtaitumia wapi, na ni nani atakayekuwa ameketi kiti cha nyuma.

4. Msifichane. Neno "pesa ni zangu" halikusemwa siku ile mlipopeana pete. Yule bwana alikiri baadaye kwamba alificha kwa sababu alijua jibu. Lakini jibu usilotaka kulisikia ndilo linalohitaji kusikilizwa kwanza. Na mmoja wenu akisema "bado", kazi isianze. Wekeni siku ya kulizungumza tena, ili "bado" isigeuke kuwa "hapana" ya kimyakimya.

MFANO WA SAFARI

Kwa kuwa baba huyo anapenda mashindano ya magari, nilimkumbusha mambo mawili. Mwaka 1965 Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda Safari kwa Volvo iliyokwisha kutumika, wakawaacha nyuma wenye magari mapya ya viwandani. Walilijua gari lao na walizijua barabara zao.

La pili ni Shekhar Mehta, aliyeshinda Safari mara tano: 1973, na tena kila mwaka kuanzia 1979 hadi 1982. Katika baadhi ya mashindano yake mengine ya ng'ambo, aliyeketi kando yake akimsomea njia alikuwa mke wake, Yvonne. Dereva wa mashindano hawezi kuendesha na kusoma njia kwa wakati mmoja. Akiambiwa kona kali inakuja, hasemi "usukani ni wangu". Hupunguza mwendo, kwa sababu anamwamini msomaji. Na msomaji naye hanyang'anyi usukani. Hapo pana mfano wa ndoa. Kitabu cha Mwanzo 2:18 chatuambia kwamba Mungu hakuona vema mtu awe peke yake, naye akampa msaidizi. Msaidizi hakuwekwa awe mzigo wa nyuma, bali akae kando yako na kuiona njia.

WALIVYOAMUA

Fundi alikubali zile Sh 60,000 ziwe malipo ya injini ya kawaida. Zilizobaki, Sh 50,000, walichanga wote wawili, na akiba ya binti haikuguswa. Mama akaongeza jambo moja ambalo halikuwa katika hesabu. Alimwomba mumewe awe msimamizi wa daftari la kibanda kila Jumamosi, kwa maana karani wa mizigo anajua hesabu kuliko muuza iliki. Tangu siku hiyo bwana yule hakujiita tena abiria.

Hata hivyo sitaki kuwadanganya kwamba yote yamekwisha. Safari ya dunia ilirudi Kenya mwaka 2021, na mwaka 2024 iliangukia siku zile zile za Pasaka, huko Naivasha. Baba angali ananung'unika kwamba aliikosa kwa ajili ya Ibada ya Ijumaa Kuu. Mama angali analala na simu mkononi. Ila sasa bwana, akichelewa, humpigia kabla ya kuvuka Mazeras.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA NYUMBANI

1. Ni kitu gani ninachokitamani ambacho sijamwambia mwenzangu? Nyuma yake pana haja gani?
2. Ni hofu gani ninayoificha chini ya neno "pesa"?
3. Je, tuna daftari moja, au kila mmoja ana lake la siri?

SALA

Ee Bwana, uliyetuunganisha wawili tuwe mwili mmoja, utufundishe kusikilizana kabla ya kuamua. Uziongoze safari zetu, uwarudishe salama wote walio barabarani usiku wa leo, na uwapokee kwa amani wale ambao hawakurudi. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.