SOMO: UKIPIGA SIMU YA DHARURA, TAJA KWANZA MAHALI ULIPO



Watu wengi wanaamini kwamba ukipiga simu ya dharura, anayeipokea anaona mara moja mahali ulipo. Mimi pia niliamini hivyo. Usiku mmoja wa mvua, mama jirani yetu alishikwa na uchungu wa kuzaa. Nilipiga simu kuomba gari la wagonjwa nikasema, "Njooni upesi, mama anazaa, hali ni mbaya!" Nikaulizwa niko wapi. Nikajibu, "Hapa nyumbani, karibu na kanisa." Hapo betri ikaisha.

Makanisa kwetu ni mengi. Gari lilizunguka gizani, na sisi tukambeba mama katika blanketi mpaka tukakutana nalo njiani. Namshukuru Mungu, mama na mtoto wako hai. Lakini kosa lile lilikuwa langu, na ndiyo sababu nimeandika somo hili.

JE, MNARA HAUJUI NILIPO?

Unajua kidogo tu. Mnara unatambua kwamba simu yako imeshika mawimbi yake, na kwa kawaida unatambua iko upande gani. Lakini mnara mmoja wa simu za kawaida unaweza kufikia simu iliyo mbali hata kilomita 35. Unaweza pia kukadiria umbali wa simu, lakini kwa hatua za mita 550 hivi. Hebu fikiri, katika mita 550 za kijiji chako kuna nyumba ngapi? Mjini minara iko karibu karibu, kwa hiyo makadirio ni bora. Huku vijijini minara ni michache.

NA SIMU ZA KISASA?

Simu nyingi za kisasa zina GPS, inayopokea ishara za setilaiti. Ukiwa mahali pa wazi inaweza kuonyesha ulipo kwa tofauti ya mita chache. Ndani ya nyumba ya bati ishara hupungua. Simu ndogo ya tochi kwa kawaida haina GPS.

Tena, GPS inakuonyesha wewe mwenye simu. Ili anayepokea naye aone, lazima kuwe na mtambo wa kumfikishia habari hiyo. Uingereza ilianza mwaka 2014 kutumia mpango ambao simu yenyewe inatuma mahali ilipo mtu anapopiga namba ya dharura. Marekani iliweka sheria juu ya jambo hili tangu mwaka 1996. Hata hivyo, huko Marekani wapokeaji wengi bado huanza kwa kuuliza mahali. Sisi tusitegemee mtambo. Tutegemee mdomo wetu.

FANYA HIVI

1. Taja mahali kwanza, tatizo baadaye. Sema zoni (Base Camp, Juru au Rubondo), kisha kijiji, kisha alama ya karibu. Simu ikikatika, watajua pa kuanzia. Hata kama anayepokea hasikii Kiswahili vizuri, majina ya mahali atayashika.

2. Chagua alama isiyofanana na nyingine. "Karibu na kanisa" haitoshi. Taja jina la kanisa, au shule, au njia panda inayojulikana. Usiseme "kwa Mama Furaha". Dereva hamjui.

3. Usikate simu mpaka uambiwe. Baadaye acha laini wazi na upokee hata namba usiyoijua. Huenda ni dereva anakutafuta.

4. Tuma mtu barabarani na tochi alingojee gari. Usiku nyumba zote zinafanana.

5. Usiogope kukosa salio. Hapa Uganda namba 999 na 112 za polisi ni za bure. Namba ya kituo chako cha afya iandike mapema.

6. Ukiwa karibu na mpaka, simu inaweza kushika mnara wa nchi jirani, na 112 ikaenda kwa polisi wa huko. Taja pia nchi uliyopo.

ZOEZI LA NYUMBANI

Jioni hii, kabla ya kulala, muulize kila mtu wa nyumba yako, hata mtoto wa miaka saba: "Ukipiga simu usiku, utasema uko wapi?" Jibu liwe hivi: "Niko Nakivale, zoni fulani, kijiji fulani, nyuma ya shule fulani." Lirudieni mpaka kila mmoja aliseme bila kusita. Kisha liandikeni kwenye karatasi na kulibandika karibu na mlango. Wageni waliofika juzi wasaidieni, kwa sababu bado hawajui jina la kijiji chao.

Hofu inasahaulisha hata jina la mtoto wako. Kilichoandikwa mlangoni hakisahauliki.

Ukimaliza, mpe jirani.