Maradhi ya Awali na Ukali wa UVIKO-19

Ugonjwa wa UVIKO-19 ulitambuliwa kwanza mwezi Desemba 2019 mjini Wuhan, nchini China. Mapema ilidhihirika kwamba virusi vyake haviwadhuru watu wote kwa kiwango kimoja: baadhi ya walioambukizwa walipata mafua tu, na wengine walishindwa kupumua wakafa. Somo hili linaeleza jinsi maradhi aliyonayo mtu kabla ya kuambukizwa yanavyochangia tofauti hiyo.

Februari 2020 wataalamu wa China walichapisha hesabu za wagonjwa 44,672 waliothibitishwa. Kwa jumla walifariki asilimia 2.3. Miongoni mwa wasiokuwa na maradhi mengine walifariki asilimia 0.9, wenye shinikizo la damu asilimia 6.0, wenye kisukari 7.3, na wenye maradhi ya moyo na mishipa ya damu 10.5.

Sababu zake zaeleweka. Sukari inapozidi katika damu kwa muda mrefu, chembechembe nyeupe hupungukiwa na uwezo wa kupambana na vijidudu, na mishipa midogo ya damu huharibika. Vilevile, mapafu yaliyovimba hushindwa kupitisha oksijeni ya kutosha, hivyo moyo hulazimika kufanya kazi zaidi. Moyo uliokwisha kudhoofika hauwezi kuhimili mzigo huo.

Hata hivyo, hesabu hizo zahitaji kusomwa kwa uangalifu. Wengi wenye maradhi hayo ni wazee, na uzee wenyewe huongeza hatari: katika hesabu hizo hizo, wagonjwa wenye umri wa miaka 80 na zaidi walifariki asilimia 14.8. Ili kupima athari ya maradhi peke yake, mtafiti hana budi kulinganisha watu wa rika moja.

Athari kwa taifa zima hutegemea mambo mawili: uzito wa hatari, na wingi wa watu wenye maradhi. Tuseme kuna miji miwili, kila mmoja ukiwa na wagonjwa 1,000 wa UVIKO-19, na kwamba hufa 3 kati ya kila 100 wenye kisukari na 1 kati ya kila 100 wasio nacho. Mji wa kwanza wenye wagonjwa 400 wa kisukari utapoteza watu 12 + 6 = 18. Mji wa pili wenye wagonjwa 100 wa kisukari utapoteza 3 + 9 = 12. Virusi ni vile vile. Walioambukizwa ndio waliotofautiana.

Katika jimbo la Western Cape, Afrika Kusini, uchunguzi wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba virusi vya UKIMWI viliongeza hatari ya kufa kwa UVIKO-19 takriban mara mbili, na kifua kikuu pia kiliiongeza. Lakini kisukari kilichangia vifo vingi zaidi kuliko virusi vya UKIMWI.

Katika nchi nyingi za Afrika, watu wengi wenye kisukari au shinikizo la damu hawajapimwa. Mtu wa namna hiyo huandikwa daftarini kuwa hana maradhi, naye hupata habari za ugonjwa wake akiwa tayari mahututi. Kwa hiyo kupima damu mapema, kufuata matibabu na kupata chanjo ni kinga ya mtu mmoja na ya taifa pia.

Maswali

1. Kokotoa vifo katika mji wenye wagonjwa 1,000 wa UVIKO-19, 200 kati yao wakiwa na kisukari, kwa viwango vya mfano uliotolewa.
2. Kwa nini si sahihi kulinganisha vifo vya nchi mbili bila kuzingatia umri wa watu wake?