Mlima Unaanzia Kahe, Mdogo Wangu

Wiki hii nina swali la binti mmoja wa Dar es Salaam. Yeye na wenzake wawili wana baiskeli za gia, kila Jumapili wanazunguka Kigamboni, na sasa miguu inawawasha: wanataka mlima. Wamepanga kuondoka Ijumaa jioni kwa basi, Jumamosi wapande Marangu, mlimani Kilimanjaro, Jumapili usiku wawe wamelala kwao. "Dada, inawezekana?"

Inawezekana, mdogo wangu, lakini si kwa mpango huo. Mkifanya hivyo mtauona mlima kupitia jasho na usingizi, halafu mtarudi mkiuchukia. Mimi nawashauri hivi: pandeni treni, ombeni ruhusa ya siku mbili kazini, na kupanda kwenyewe kuanzieni Kahe.

Kwa nini treni? Kwa sababu barabara kuu ya kutoka Dar hadi Moshi si ya kuchezea na baiskeli. Malori na mabasi yanakimbizana, na ukingo wa lami mahali pengine ni mwembamba. Kilomita zile za tambarare iachieni reli, miguu muitunzie mlima. Treni ya abiria ya njia hii ilisimama miaka mingi, ikarudi Moshi Desemba 2019, na mwaka uliofuata ikafika Arusha. Msiichanganye na ile ya umeme inayokwenda Morogoro na Dodoma. Ya kwetu inapita kwenye reli ya zamani, ile ambayo Wajerumani walianza kuijenga Tanga mwaka 1893 na kuifikisha Moshi mwaka 1911. Inalala njiani usiku mmoja, na haitoki kila siku. Kwa hiyo ratiba ya TRC, yaani Shirika la Reli, ndiyo iwapangie siku ya ruhusa, msianze kuomba ruhusa kabla ya kuijua.

Siku ya kukata tiketi ulizeni mambo matatu: baiskeli inakaa behewa gani, inalipiwa kiasi gani, na treni yenu inasimama stesheni zipi. Stakabadhi ya mzigo itunzeni kama tiketi yenyewe. Kisha ifungeni baiskeli vizuri: pedeli zing'oeni, usukani ugeuzeni uwe sambamba na fremu, na upande wenye cheni na gia uvalisheni boksi gumu au gunia lililokunjwa. Nasema hivi kwa uchungu. Safari yangu ya kwanza niliiweka baiskeli wazi, magunia ya mahindi yakaiegemea usiku kucha, nikashuka asubuhi gia ya nyuma imepinda. Siku nzima niliyoitengea mlima niliimalizia kwa fundi.

Mkifika Moshi, siku hiyo msipande popote. Najua mtaona Kibo imetoka mawinguni na moyo utaruka. Tulieni. Rudisheni pedeli na usukani mahali pake, jaribuni breki, kuleni mtori, laleni mapema. Kesho yake, saa 12 asubuhi kabla jua halijakaza, teremkeni taratibu hadi Kahe.

Mtaniuliza, dada, kwa nini tushuke chini ndipo tupande? Hapo ndipo penye shauri langu lote. Kahe ni bondeni, mita zipatazo 700 tu juu ya bahari. Ni makutano ya zamani ya reli, ambapo njia ya Taveta na Voi iliungana na ya Tanga wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Joto lake ni la kweli, na mashamba yake ya mpunga na mahindi yanakunywa maji yaliyotoka mlimani. Ukianzia hapo, unaupanda mlima kama maji yanavyoushuka. Unapita vumbi na chemchemi za Miwaleni, unafika Himo penye lami, soko na kelele, kisha barabara inainuka na hewa inabadilika. Migomba inaanza kukufunika pande zote, kahawa chini yake, na mifongo, ile mifereji ya wazee wa Kichagga, inapeleka maji kihamba hadi kihamba, shamba la ukoo hadi jingine. Anayefika Marangu kwa gari anaona migomba tu. Anayetoka Kahe anajua kwa nini migomba ile iko pale.

Na kwa wanaopenda hesabu: lango la hifadhi la Marangu liko karibu mita 1,900. Kutoka Kahe mtakuwa mmepanda mita zipatazo 1,200. Kule Ufaransa kuna mlima maarufu wa waendesha baiskeli, Alpe d'Huez, wenye kona 21 katika kilomita 13.8, na watu wanavuka bahari kwenda kuupanda. Kimo chake cha kupanda ni karibu sawa na hiki chetu. Tofauti ni kwamba kule mwinuko ni mkali mwanzo hadi mwisho, na kwetu njia ni ndefu, inakudanganya taratibu, halafu inakukamua mwishoni, kati ya Marangu Mtoni na lango. Kwa hiyo hadi Himo endesheni mkiweza kuongea sentensi nzima bila kuhema. Ukishindwa kuongea, umezidisha. Shusha gia.

Kunyweni kabla ya kiu. Ndizi mbivu mtazipata njiani, nunueni kwa akina mama wanaouza. Bebeni tyubu mbili, viraka, pampu na kipande cha cheni. Mkikutana na mzee penye mwinuko, shukeni, mseme shikamoo. Kule mlimani salamu inafungua njia kuliko pesa.

Langoni ndipo mwisho wa kupanda kwenu. Ndani ya hifadhi ni mambo ya vibali vya KINAPA, wasimamizi wa hifadhi hiyo, ada na waongozaji. Msijaribu kupenya kienyeji.

Sasa la kushuka, na hapa nisikilizeni kama mama. Laleni Marangu, msishuke jioni hiyo. Miguu iliyochoka haina akili, na magari ya jioni hayana subira. Asubuhi mkishuka, msiishikilie breki mfululizo mpaka ichemke. Shikeni, achieni, shikeni tena, zote mbili, ya nyuma ikitangulia. Kofia ngumu haina mjadala. Kupanda kunakuchosha tu, lakini kushuka bila breki kunakuondoa duniani.

Msiende masika, Machi hadi Mei. Utelezi ni mwingi, na mvua huweza kuivuruga hata ratiba ya treni. Juni hadi Septemba panafaa zaidi. Mkiupenda mchezo, mwakani shukieni Mombo mpande Soni hadi Lushoto, kilomita 33 za kona. Ila tafuteni kwanza pa kulala, maana treni ya kutoka Dar hupita pale usiku.

Na wewe binti unayeona haya kwa sababu jirani wanasema baiskeli si ya mwanamke: Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza Afrika, na wanawake waliipanda milima ya kule mbele ya umati wa Waafrika. Hakuna wa kukuomba radhi kwa miaka utakayoipoteza ukiogopa maneno.

Kateni tiketi, ombeni ruhusa, funikeni gia. Kisha anzieni chini kabisa, Kahe, na mpande polepole mpaka mfike.